Vidonge vya Darasa la Tatu

Maneno yale yalimfikia Nyanzobe mashineni, akiwa kwenye foleni ya kukoboa mpunga, na miaka kumi na minne baadaye yalikuwa bado hayajamtoka sikioni. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuja kijijini kwa msiba, alitua gunia lake akawaambia wenzake wasidanganyike na vile vidonge vya kichocho vinavyopelekwa mashuleni, kichocho ni jina tu. Ni vya kuwafunga kizazi watoto wa kike, na vinamdhuru zaidi yule aliyekwisha kuvunja ungo. Huko kwao, alisema, mtoto wa jirani alimeza vinne, mchana akaanguka mstarini na kutapika manjano. Mashine ilikuwa inanguruma. Kila mtu alisikia nusu, nusu nyingine akajazia mwenyewe. Hakuna aliyeuliza mtoto huyo anaitwa nani.

Wiki ile ile Nyanzobe alikuwa ameona damu kwenye nguo ya ndani ya binti yake, Limi. Limi alikuwa na miaka kumi, darasa la tatu. Nyanzobe alishtuka kwa ule udogo wake, kisha akafurahi kimyakimya, maana Limi alikuwa mtoto wake wa pekee na alitamani wajukuu wa kujaza uwanja. Alichana kanga kuukuu akapata vitambaa sita, akamfundisha mtoto kuvifua na kuvianika pasipopita wanaume. Akamwita wifi yake, shangazi wa Limi, wakacheka, wakamwambia kuanzia leo asikae miguu wazi kama mvulana.

Basi walimu walipotangaza siku ya vidonge, Nyanzobe aliunganisha maneno ya mashineni na ile damu. Alimwamsha Limi mapema, akampeleka kwenye majaruba ya shangazi yake kuamia ndege. Shuleni alituma habari kwamba mtoto anaumwa tumbo. Mwaka uliofuata akafanya hivyo hivyo. Na uliofuata.

Asubuhi hii walikuwa kwenye benchi la hospitali ya wilaya. Limi sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na ndoa ya miaka sita isiyo na mtoto. Walitoka kijijini Mwabusolo jua halijachomoza, Limi akikanyaga baiskeli, mama yake nyuma kwenye keria akiwa ameshikilia kopo la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Walikuja kuchukua majibu ya damu iliyopelekwa kupimwa mkoani, kwa sababu mashine ya hapa ilikuwa nzima lakini dawa za kupimia zilikwisha tangu masika. Waliambiwa wiki mbili. Hii ilikuwa ya sita.

Majibu hayo hawakuwa wakiyangoja wao peke yao. Mama mkwe wa Limi alikuwa amesema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba daktari akisema binti atazaa, akae, hata kama ni baada ya miaka. Akisema hatazaa, arudi kwa mama yake, hakuna ugomvi, watu watabaki kusalimiana. Mihayo, mumewe Limi, alikaa kikao kizima akichokonoa udongo kwa kijiti.

Si kwamba mama mkwe alikuwa mtu mbaya. Mwanzoni mwa mwaka huu Limi alikaa miezi mitano bila kuona siku zake, na mwanamke yule alimkataza kubeba ndoo, akawa anamkorogea uji wa ulezi kwa mkono wake mwenyewe na kumletea mpaka mlangoni. Zahanati ya kijiji wakapima, mimba hamna. Uji ukakoma siku hiyo hiyo. Siku zake nazo hazijarudi mpaka leo.

Zahanati hiyo Limi aliijua kama jikoni kwake. Tangu aolewe amekwenda na maumivu ya chini ya tumbo, na mkojo unaochoma, na kila mara mhudumu aliandika neno lile lile, UTI, akampa vidonge vya rangi mbili na kumwambia anywe maji mengi. Maji yenyewe ni ya lambo. Hadubini ya kuangalia mkojo waliletewa, ikafungiwa kabatini kwa sababu aliyesomea kuitumia alihamishwa.

Karani wa masjala, kijana mwenye miwani ya jua aliyoipandisha kichwani, alipekua rundo la bahasha bila kulitazama akasema majibu hayajafika. Nyanzobe akamwomba aangalie tena.

"Mama, nimekwambia hayapo. Unataka niyatunge?"

"Hapana, mwanangu. Nataka uinue hiyo chupa ya chai."

Bahasha ilikuwa chini ya chupa, ina alama ya duara ya unyevu, na jina la Limi limeandikwa juu kwa wino mwekundu. Ilikuwa na tarehe ya wiki tatu nyuma. Karani aliifuta kwa kiganja akasema sasa waende chumba namba nne, na wafanye haraka, daktari ana kikao saa sita. Watu wa benchini wakacheka, mmoja akamwambia Nyanzobe angefaa kuajiriwa upelelezi. Limi naye alitabasamu, na mama yake akaona ni siku nyingi hajaliona jino lake la pembeni.

Daktari Swai alikuwa mwanamke kijana wa kutoka Moshi, mwenye sauti ya taratibu na viatu vya raba. Alisoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Alisema kabla hajawaeleza kitu ana maswali machache, na mama anaweza kubaki kama binti anapenda. Limi alisema abaki.

"Dada, ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi. Nilikuwa darasa la tatu."

Daktari aliandika. Kisha akauliza ilikuwa inakujaje, kila mwezi, siku ngapi. Limi alimtazama mama yake kama mtu anayeomba ruhusa. Alisema haikuwa na mwezi. Ilikuwa inakuja akienda haja ndogo, mwishoni, matone matatu manne, na inachoma. Pengine wiki nzima, pengine inapotea. Alipofika miaka kumi na saba ikaja nyingine tofauti, yenye siku zake, lakini kidogo sana, na hiyo nayo ikawa ya kuruka miezi.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama," alisema, na safari hii alimgeukia Nyanzobe, "ile ya kwanza haikuwa hedhi. Ilikuwa kichocho. Mtoto alikuwa anakojoa damu."

Nyanzobe alisikia maneno yote. Alichokuwa anakiona ni vile vitambaa sita vya kanga, kimoja kina nusu ya ua la bluu, vimeanikwa nyuma ya choo, naye anavigeuza vipate jua pande zote, moyo umejaa.

Daktari aliendelea, na alijitahidi kusema kwa lugha ya mtu. Minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, alisema, na mayai yake hayatoki yote na mkojo. Mengine yanapotea njia, yanakwama kwenye kizazi, kwenye mirija, hata kwenye vifuko vya mayai ya mwanamke, yanaacha makovu. Hilo linajulikana siku nyingi. Liko pia lingine ambalo wataalamu bado wanalichunguza, na hatawadanganya kwamba wanajua kila kitu. Inaonekana minyoo hii na mayai yake hutoa vitu vinavyofanana na homoni za mwanamke mwenyewe. Mwili unadhani homoni zipo za kutosha, unaacha kuzitengeneza.

Nyanzobe alikuwa na elimu ya darasa la saba, lakini hilo alilielewa kuliko daktari alivyotegemea. Kwenye skimu ya mpunga kuna mgawa maji, na kila mwenye jaruba hupata zamu yake. Mtu akimwendea mgawa maji akamwambia jaruba la fulani limeshashiba, mlango wa mfereji unafungwa, na mwenye jaruba anabaki ameshika jembe huku mpunga unakauka. Mwanawe alikaa miaka kumi na minne na mwongo mlangoni.

"Sasa zikoje?" aliuliza.

Daktari aligeuza karatasi wote waione, ingawa zilikuwa tarakimu tu. Alisema homoni za Limi ziko chini kama za mama wa miaka hamsini. Damu inaonyesha minyoo bado imo mwilini. Dawa itaiua, na lazima ainywe. Makovu dawa haiyaondoi.

"Kwa hiyo sitazaa," Limi alisema.

"Sisemi haiwezekani kabisa. Kuna hospitali kubwa wanaweza kuangalia zaidi. Lakini ukiniuliza kama ndugu yako, dada, siwezi kukupa tumaini ambalo sina."

Limi aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Alianza kuikunja ncha ya kitenge chake, akaikunja ndogo, akaikunja ndogo zaidi. Daktari akamwacha kidogo, kisha akauliza, kwa ajili ya kujaza fomu, kama shuleni kwao hawakuwa wanapewa vidonge vya kichocho.

"Walikuwa wanatoa," Limi alisema. "Siku hiyo niliumwa."

"Na mwaka uliofuata?"

"Niliumwa pia."

"Darasa la tano?"

Limi aliinamia kile kitenge. Nyanzobe alimtazama mwanawe na kuona anachokifanya. Ameambiwa sasa hivi hatapata mtoto, na bado anamkinga mama yake asiaibike mbele ya mgeni.

"Hakuumwa," Nyanzobe alisema. "Nilimficha mimi. Miaka yote mitatu. Niliambiwa vinafunga kizazi."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu. Daktari Swai alingoja kipite. Nyanzobe alijiandaa kugombezwa, na angefurahi kugombezwa.

"Wengi waliwaficha, mama," daktari alisema mwishowe. "Walileta vidonge na fimbo ya kupimia urefu. Hawakuleta mtu wa kukaa na wazazi akawaeleza." Aliandika dawa, akaongeza karatasi ya pili kwamba mume naye apimwe, kwa sababu ugonjwa huu haubagui, hata homoni za kiume unazishusha. Akamwambia Limi ale kitu kwanza, vidonge ni vichungu na vinageuza tumbo.

Walikaa kwenye kivuli cha tangi la maji, Limi akala matobolwa mawili. Alikuwa anatafuna polepole kama mtu aliyeagizwa.

"Ulinipeleka kwa shangazi kuamia ndege," alisema. "Nilifurahi. Nilidhani ni zawadi."

Nyanzobe alimpangusa chembe za matobolwa kwenye kitenge.

"Ulikuwa unaogopa nini, mayu?" alimuuliza mama yake.

"Hiki. Hiki hiki, mwanangu."

Limi aliufunga mfuniko wa kopo, akaukaza sana. Wakaenda dirisha la dawa.

Mfamasia alikuwa mtu mzima, mwenye kitambaa shingoni, na alisoma cheti mara moja tu. Dawa hii hamna, alisema. Nyanzobe aliona nyuma yake maboksi yamepangwa mpaka karibu na dari, na pembeni imesimama fimbo ya mbao yenye mistari ya rangi. Aliuliza yale ni nini. Mfamasia akasema ndiyo yenyewe, lakini ni ya mradi wa wanafunzi, itaanza kusambazwa mwezi ujao, imehesabiwa kidonge kwa kidonge. Mtu mzima hayumo kwenye mradi. Aende akanunue mjini.

Walikwenda. Duka la kwanza hawakuwa nayo. La pili waliwaambia hawaleti, kwa sababu serikali inagawa bure. Wakarudi dirishani, jua limeshapanda, na Limi ameanza kushika kiuno.

"Nimeshawaambia," mfamasia alisema. "Mnataka nifungwe?"

Nyanzobe hakupiga kelele. Aliegemea dirisha akasema wao hawana pa kwenda, basi watakaa hapo hapo mpaka mwezi ujao. Foleni nyuma yao ikaanza kunung'unika, mzee mmoja akasema huyo mama apewe au wote waende nyumbani. Daktari Swai alikuwa anapita kuelekea kwenye kikao chake. Alisimama, akasikiliza pande zote mbili, akamwambia mfamasia ampe.

"Daktari, nitaandika nini? Rejista ina jina, shule na darasa. Wakaguzi wanakuja."

"Andika jina, shule na darasa."

Mfamasia alimtazama, akaitazama foleni, akafungua daftari. Aliuliza shule. Limi akataja shule ya kijijini kwao. Akauliza darasa, na hapo kalamu ikangoja.

"La tatu," Limi alisema.

Akaandikwa hivyo. Kisha mfamasia, ambaye pengine hakuona ubaya wowote, alitoka na ile fimbo akamsimamisha nayo ukutani. Mwanamke wa miaka ishirini na minne alivua ndala, akaweka visigino pamoja, akanyoosha shingo. Mistari ilionyesha urefu wake ni wa vidonge vitatu na nusu. Alivimeza mbele ya dirisha kwa kikombe cha plastiki kilichofungwa kamba, na uso wake ulipojikunja kwa uchungu wa dawa, machozi ambayo hayakutoka chumba namba nne yalitoka pale. Mfamasia akasema wote wanalia, ni vichungu kweli.

Kurudi, Limi hakuweza kukanyaga baiskeli. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Alikaa kwenye keria, Nyanzobe akaisukuma kwa miguu njia nzima, na walipofika mahali mfereji wa skimu unapokutana na barabara aliiegemeza wapumzike. Wanawake walikuwa wanapalilia, maji yamefika magotini, sketi zimechomekwa kiunoni. Kwenye mlango wa mfereji, mahali maji yanapotulia na konokono wadogo wanapojibandika kwenye nyasi, watoto wa shule walikuwa wanaoga na sare zao ziko ukingoni.

Nyanzobe aliwaambia watoke. Wakacheka, wakazama, wakaibukia mbali zaidi. Msichana mmoja mdogo, mwenye shanga nyekundu shingoni, alikuwa karibu, anafua soksi. Nyanzobe alichuchumaa akamuuliza kwa sauti ya chini kama akikojoa huwa anaona damu.

"Ndiyo," msichana alisema, kama aliyeulizwa kama anakwenda shule. "Sote tunaona. Kaka zangu wanashindana ya nani nyekundu zaidi."

Kutoka jarubani mwanamke mmoja akaita, akauliza Nyanzobe amesomea udaktari lini, au hospitali siku hizi wanatoa vyeti kwa wanaopanga foleni. Wenzake wakacheka. Mwingine akauliza, kwa upole, je majibu. Nyanzobe akasema watazungumza. Akashika usukani.

Nyumbani kwa Nyanzobe, Mihayo alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Uwanjani palikuwa na sanduku la bati la Limi, godoro lililoviringishwa, sufuria tatu na kinu. Vyote vimefungwa kwa mpira wa tairi, vizuri, kama vitu vya mtu anayehamia mahali pazuri. Kioo cha Limi alikuwa amekifunga ndani ya shati lake mwenyewe kisije kikavunjika.

Nyanzobe alimuuliza nani kamwambia majibu. Mihayo akasimama, akamwamkia kwanza kama inavyostahili. Kisha akasema hakuna aliyemwambia. Mama yake aliamka leo akasema mwanamke mwenye majibu mazuri damu yake haipelekwi mkoani, na kama majibu ni mazuri vitu vitarudishwa.

"Na wewe ulisema nini?" Limi aliuliza. Alikuwa bado kwenye keria.

"Nilisema nivibebe mwenyewe. Wengine wangevitupa."

Limi alimpa karatasi ya daktari. Mihayo aliisoma akitembeza kidole, na alipofika palipoandikwa mume naye apimwe alirudi mwanzo. Alisema yeye ni mzima. Alikojoa damu utotoni kama wavulana wote, ndivyo walivyojua fulani sasa amekuwa kijana, na asiyekojoa walimcheka wakamwita dada. Ikakoma yenyewe. Sasa apimwe nini?

"Mimi yangu haikukoma," Limi alisema. "Ilinyamaza."

Mihayo aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alisema ataangalia. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akavuta mpira wa tairi kuona kama umekaza, ingawa safari ya vitu ilikuwa imekwisha. Halafu akaondoka. Kwenye ua wa minyaa alionekana anajifuta uso kwa mkono. Hakugeuka.

Limi alilala chini ya kivuli cha nyumba juu ya lile godoro bila kulifungua, na Nyanzobe alichukua daftari lake la kikoba cha akina mama, akachana karatasi ya katikati. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Limi aliamka akasoma begani kwake. Aliomba kalamu, na mstari wa saba aliuandika yeye mwenyewe.

Ofisi ya kijiji ilikuwa bado wazi. Mtendaji alikuwa mtu msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alimkaribisha Nyanzobe kiti. Alisoma karatasi yote, akasema mwandiko ni mzuri. Lakini tangazo lolote la afya, alieleza, sharti lipitie kwa mganga mkuu wa wilaya, lirudi na barua, ndipo yeye alipige muhuri. Bila muhuri atakuwa anasambaza taharuki. Nyanzobe akaomba basi dakika tano za kusema kwenye mkutano wa kijiji. Mtendaji akasema ajenda zimeshafungwa, labda robo inayokuja.

"Mtendaji, vidonge vinakuja mwezi ujao. Wako watakaowaficha watoto."

"Kuna utaratibu, mama."

"Yale maneno kwamba vinafunga kizazi yalifika kila nyumba kwa siku moja. Yalipigwa muhuri na nani?"

Mtendaji alifungua droo, akaifunga. Alisema anamwelewa, hata yeye ni mzazi, na akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Mwanzoni mwa mfereji mkuu pamesimama kibao cha mradi, cha bati, kirefu kuliko mtu. Kinataja jina la skimu, hekta, mfadhili, mkandarasi, mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza. Kila mwanamke anayekwenda kupalilia hupita mbele yake. Nyanzobe alikwenda na kikombe cha uji mzito wa muhogo, akaupaka kwa kiganja juu ya jina la mkandarasi, akabandika karatasi yake hapo, akaikandamiza pembe zote nne. Watu waliokuwa wanarudi kutoka majarubani walisimama. Hawakumcheka. Mmoja asiyejua kusoma akamwomba mwenzake asome kwa sauti.

1. Usimwache mtoto aoge mferejini wala lamboni, hata kama wote wanaoga.

2. Usikojoe majini wala ukingoni mwa maji.

3. Usiingie palipotulia maji penye konokono. Kama una buti, vaa. Kama huna, dai, mradi ulituahidi.

4. Usione damu kwenye mkojo wa mvulana ukasema amekua.

5. Usione damu kwenye nguo ya mtoto wa kike ukafurahi kabla hujamuuliza inatoka saa ngapi na inatokaje.

6. Usikubali kuandikiwa UTI kila mara bila mkojo kuangaliwa.

7. Usimrudishe mke kwao kabla mume naye hajapimwa.

8. Usipokee habari za mtoto asiye na jina.

9. Usimfiche mtoto siku ya vidonge kwa sababu unampenda.